Medali ya Keya na kijaluba cha mfungwa Mtaliani: wenyewe nitawapataje?

FundiSaa_Kibokoni

Assalaam alaykum, wazee kwa vijana. Mimi ni fundi wa saa hapa Mji wa Kale, Kibokoni. Saa za kutia ufunguo zimebaki kwa wazee wachache, kwa hivyo riziki yangu siku hizi ni nusu saa, nusu vikorokoro: darubini za meli, redio za zamani, taa za chemli. Mtu akiwa na kitu cha marehemu babake na hajui akifanye nini, huja nacho kwangu.

Sasa ninavyo viwili vinavyonikosesha raha.

Cha kwanza ni medali ya fedha. Jirani yangu sonara aliletewa na mama mmoja fungu la fedha chakavu apime: vikuku vilivyokatika, mkufu, kijiko, na humo humo medali hiyo. Ilikuwa iingie motoni pamoja na vikuku. Nikamlipa sonara kwa gramu nikaichukua. Upande mmoja pana kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918. Ubavuni, nikitia lenzi ya saa jichoni, nasoma nambari ya tarakimu nne, kisha PTE. (askari wa kawaida), kisha jina la mtu, kisha 2-3 na kifupi cha Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Jina zima na nambari sitaviweka hapa. Atakayekuja kusema ni ya babu yake, hayo ndiyo nitakayomuuliza. Nitasema tu kwamba jina la kwanza ni la Kiislamu, na la pili ni la Kimijikenda waziwazi.

Yule mama hajulikani. Sonara anakumbuka buibui, na kwamba alisema kuna nyumba Kisauni inauzwa, vitu vinatolewa. Basi, zaidi ya hapo hana.

Cha pili ni kijaluba cha aluminiamu cha kutilia sigara. Juu ya kifuniko pamechorwa mlima wenye vilele na mnazi pembeni (mnazi na theluji pamoja, sijui aliviona wapi), neno RICORDO (kumbukumbu, kwa Kitaliano), na chini yake P.O.W. KENYA 1943, yaani mfungwa wa vita. Kitakoni pana herufi mbili na nambari. Ndani ya kifuniko pana mwandiko mwengine kabisa, umekwaruzwa kama kwa ncha ya msumari: jina la Kiingereza, D/KX, na tarakimu. Hiki nilikinunua kwa muuza vyuma vikuukuu wa Makupa. Yeye hununua kwa kilo, haulizi kitu kimetoka wapi.

Nataka kujua: maandishi haya nitajuaje kama ni ya asili? Na nikiamua kuwatafuta wenyewe au jamaa zao, naanzia wapi, kwa mtu kama mimi asiye na nauli ya London? Kuna mtu amenipigia simu anaitaka medali kwa bei ya kupendeza. Sijamjibu.

Dalali_wa_Likoni

Yakhe, unajitafutia kazi isiyo na mshahara. Ipake Brasso ing'are, piga picha, itie mtandaoni, wazungu wanakusanya hivyo vitu. Huyo askari kafa kitambo, na jamaa zake ndio hao hao waliompelekea sonara. Kijaluba nacho kipige msasa ndani, hayo makwaruzo yanakishusha bei.

Karani_Mstaafu

Fundi, usitie Brasso, na msasa usiuguse kabisa. Herufi za ubavuni hazina kina kirefu, kila ukisugua unampunguza mtu jina lake. Na makwaruzo ya ndani ya kijaluba ndiyo mali yenyewe. Nitamwachia anayevijua vitu vya Wataliani aseme, mimi niishike medali.

Nilikuwa masijala, jumba la Uhuru na Kazi, mpaka nikastaafu. Makaratasi ya watu wa kale ndiyo yaliyonilisha.

Hiyo ni British War Medal, ya vita vya kwanza. Kabla hujamtafuta mtu, hakikisha jina ni lake. Fundi saa hukosi vernier: pima kipenyo, inatakiwa iwe milimita 36. Ikipungua, au ukingo ukiwa mwembamba upande mmoja, kuna aliyelipiga tupa jina la kwanza akatia la pili. Halafu tazama herufi zenyewe. Za serikali ziligongwa kwa mashine, zina urefu mmoja na nafasi sawa. Za kuchonga kwa mkono hupanda na kushuka, na utaona kalamu ya chuma ilipoteleza. Sonara wako usimlaumu sana. Bei ya fedha ilipopanda 1980 medali hizi ziliyeyushwa kwa wingi huko huko Uingereza, na wajukuu wa wenyewe ndio waliozipeleka.

2-3 ni batalioni ya pili ya rejimenti ya tatu. Keya ilianza vita ikiwa ndogo, ilipofika 1918 ilikuwa na batalioni 22, ndiyo sababu rejimenti moja ikakatwa vipande vipande. Ya tatu ndiyo ya nchi hii yetu. Ingekuwa ya saba ningekwambia vuka Unguja, kwa sababu ile iliundwa 1917 kutokana na askari wa Zanzibar na Mafia. Ingekuwa Arab Rifles, kile kikosi cha Waarabu wa pwani cha Meja Wavell aliyeuawa Mwele, Januari 1916, usingehitaji kutoka mtaani kwako. Mnara wa Wavell mwenyewe unaupita kila ukienda Fort Jesus.

Sasa jina. Karani aliyeandikisha aliandika alichosikia. Khamis, Hamisi na Amisi aweza kuwa mtu mmoja katika orodha tatu. Na wako walioingia jeshini na jina la nyumbani wakatoka na la Kiislamu, wengine mahali pa jina la baba pakaandikwa kijiji au mbari. Kwa hivyo hilo la Kimijikenda usiliamini kuwa ni la baba mpaka upate ushahidi mwengine. Likiwa la mbari, ni heri kwako, kwa maana wazee wa kaya wanajua mbari ipi iko wapi. Mimi ningeenda huko mapema, kabla hata ya kuandikia Ulaya. Wanaoanza na kompyuta wakikosa jina husema mtu hayupo, na wenyewe wako Rabai wanakunywa mnazi.

Karatasi ziko hivi. Hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, ina kadi za medali katika mfululizo wa WO 372, na orodha zenyewe za medali katika WO 329. Kadi zinatafutika mtandaoni. Usivunjike moyo ukikosa, nyingi ni za Wazungu. Utasikia watu wakisema kumbukumbu ziliungua kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940. Ni kweli, sehemu kubwa ya majalada ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza iliteketea, lakini majalada ya askari Waafrika wa Keya hayakuwa pale, yalibaki huku. Miaka mingi ilidhaniwa nayo yalichomwa wakati wa uhuru, mpaka mengine yakaonekana katika ghala za jeshi letu la Kenya. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, imeyafanyia kazi hayo pamoja na jeshi. Waandikie barua pepe, weka nambari, cheo na 2-3. Hiyo nauli ya London haihitajiki.

Ila jua mipaka ya CWGC: wao ni wa waliokufa. Kama askari wako alirudi nyumbani akaoa akazaa, kwao hayumo. Na hata waliokufa wengi hawamo. Taarifa yao wenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nenda Jomo Kenyatta Avenue ukaitazame ile sanamu ya askari, uzunguke pande zote. Jina la askari hata mmoja hulioni. Ndiyo maana ubavu wa medali yako una uzito. Huenda ndio chuma pekee kilichoandikwa jina la mtu huyo duniani.

Kisha kuna Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Ukifika usiulize "vita", utaletewa bahari. Uliza majalada ya PC (mkuu wa mkoa) wa Pwani ya miaka ya 1914 hadi 1919, usome barua za ma-DC (wakuu wa wilaya) kuhusu kuandikisha askari na wapagazi. Soma zile za wilaya ambayo wazee watakuwa wamekutajia.

Binti_wa_Tudor

Shikamoo Karani. Fundi, pole na hongera.

Niongeze moja tulilojifunza nyumbani: nambari kwanza, jina baadaye. Kaka wa babu yangu alikuwa mizinga, rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Waliondoka Kilindini Februari 1944 kwa meli Khedive Ismail, na tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Wajapani ikaipiga torpido karibu na Maldivi. Ilibeba watu 1,511, wakafa 1,297, na ile rejimenti ya 301 ndiyo iliyopoteza wengi kuliko wote. Kwa miaka nyumbani tulikuwa tukisema "alizama Bara Hindi", wengine wanasema Burma, wengine walidhani kabaki huko kaoa. Jina lake tulilitafuta kwenye tovuti ya CWGC kwa kila namna tuliyojua kuliandika, halikutokea. Nambari yake ilikuwa kwenye barua aliyomwandikia babu. Tukaitia peke yake, bila jina, akatoka papo hapo. Walikuwa wamemwandika kwa herufi ambazo hata mamake asingemtambua.

Sasa na mimi nina swali. Babu mwenyewe alienda Burma na divisheni ya 11, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, akarudi na medali yake ya nyota, ile ya Burma. Ubavuni na nyuma haina jina lolote. Mjomba anasema imefutwa na kwamba tuliuziwa nyengine. Ni kweli?

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba atulie. Vita vya pili Uingereza haikuandika majina kwenye nyota zile. Walioandikiwa ni askari wa India, Afrika Kusini na Australia. Nyota ya babu yako kuwa tupu ndivyo inavyotakiwa. Ambayo ningeitilia shaka ni nyota ya Burma yenye jina la askari wa Keya. Hiyo itakuwa imechongwa baadaye, pengine na mwenyewe kwa sonara kwa mapenzi yake tu, pengine na muuzaji. Ushahidi wa babu ni kitabu chake cha mshahara au cheti cha kuachishwa jeshi. Sandukuni mwa nyanya mmetazama?

Mkaa_Nyali

Mimi nimezaliwa Nanyuki, sasa ni mtu wa Nyali, na vijaluba vya Wataliani nimeviona tangu utotoni.

Baada ya ngome za Wataliani huko Uhabeshi kuanguka, Amba Alagi Mei 1941 na Gondar Novemba mwaka huo, wafungwa Wataliani waliletwa Kenya kwa makumi ya maelfu. Walijenga barabara, wakajenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu, na kambini wakawa mafundi wa kila kitu. Aluminiamu ya sufuria na mabakuli ya jeshi ilikuwa laini, inachongeka kwa kisu. Kambi ya Nanyuki ilikuwa nambari 354, na mlima wanauona asubuhi na jioni. Mnazi nadhani aliuongeza ili mnunuzi ajue ni Afrika.

Namaanisha mnunuzi kweli. Hapo ndipo watu hupotea. Jina kwenye kitu kama hicho laweza kuwa la aliyekitengeneza, la aliyepewa, au la aliyekinunua, na vingi vilibadilishwa kwa sigara na walinzi na mabaharia. Kwako wewe naona watu wawili. Herufi za kitakoni na nambari, kama mkono wake ni ule ule uliochora mlima, ni za fundi, na nambari yaelekea ni ya ufungwa. Yule wa ndani ni mtu wa pili kabisa, na huyo ni wa jeshi la maji la Uingereza. D ni Devonport, bandari aliyoandikishwa chini yake. KX ni watu wa injini na makaa, wapiga moto. Huyo kwa Mombasa si ajabu. Wajapani walipoishambulia Colombo Aprili 1942, meli za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma zikaja Kilindini, mji ukajaa mabaharia. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, wakakaa wanaosikiliza na kufumbua siri za redio za Wajapani. Mpiga moto akipewa likizo apande bara akapunge hewa ya baridi, akanunua kijaluba, akarudi nacho melini. Kikaangukaje Makupa, hilo ni la kwako.

Kwa huyo Mwingereza nambari ya D/KX inatosha. Majalada ya wanajeshi yamekuwa yakihamishwa kutoka wizara yao ya ulinzi kwenda Kew tangu 2022, na jamaa wanaweza kuomba. Kwa Mtaliani ni kazi ngumu zaidi. Msalaba Mwekundu wa Geneva wana kumbukumbu za wafungwa, ila maombi ya vita vya pili huyapokea kwa vipindi na nafasi hujaa upesi. Uwe macho wanapofungua. Italia yenyewe iliandika kila askari karatasi yake ya utumishi, foglio matricolare, na hizo ziko kwenye hifadhi za serikali za mikoa, kufuatana na alikozaliwa. Herufi mbili bila mji wa kuzaliwa hazikufikishi huko. Tazama tena mchoro kwa lenzi yako. Mara nyingi huficha jina la mji au la mke kwenye majani au kwenye mawe ya mlima. Kama alifia huku, anza Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu alikozikwa Mtawala wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Wataliani Afrika Mashariki, aliyefariki Machi 1942. Wafungwa wenzake wako humo.

Dalali_wa_Likoni

Haya, Brasso nimeirudisha kabatini. Lakini bado nasema mtu mwenye watoto wa kulisha asionekane mbaya akiuza.

FundiSaa_Kibokoni

Dalali, hujasema baya, mimi mwenyewe nina karo ya shule. Nikiuza nitauza kijaluba. Medali kwanza nimtafute mwenyewe.

Nimepima: 36 kamili, pande zote. Herufi zimegongwa, zimesimama wima zote. Nambari na kikosi nimewaandikia CWGC usiku huu huu. Mkaa Nyali, Mungu akuweke: kwenye mawe ya mlima, chini kabisa, zipo herufi ndogo ndogo. Nne ninazisoma, zilizobaki zimejaa uchafu. Nitazisafisha kwa maji, sabuni na kijiti cha mti, si zaidi.

Nililobaki nalo ni hili. Nimemuuliza mteja wangu mmoja wa Mariakani lile jina la pili. Hakusita, akasema ni mbari, tena akataja upande wa Kaloleni. Sasa nikiingia kijijini kwa watu nikasema nina medali ya babu yenu aliyepigana vita vya mfalme, si nitaambiwa nimeleta fidia? Watu wameahidiwa mengi.

Karani_Mstaafu

Utaambiwa, na wanasheria wa barabarani watakuja juu yake. Kwa hivyo sema la pesa mwanzo kabisa, kabla ya chai: hakuna malipo ya serikali, hakuna kesi, kuna kipande cha fedha cha bei ya sonara, na nambari iliyoandikwa. Usiende peke yako. Pitia kwa mzee wa mtaa, ufuatane na mtu wa huko, huyo mteja wako wa Mariakani anafaa. Usitoe medali mfukoni siku ya kwanza, peleka picha, na picha ya upande wa mfalme, si ya ubavu. Kisha kaa usikilize. Usiulize "mna babu alikuwa Keya?", kila nyumba itajibu ndiyo. Uliza wazee wa mbari waliosilimu zamani ni akina nani, nani alihamia Kisauni, na nani ana mke aliyefiwa karibuni. Yule mama wa sonara ndiye mlango wako, na pengine hajui alichouza. Ukimpata, mrudishie nafasi ya kukinunua kwa bei ile ile ya gramu uliyotoa wewe, asije akasema ulimdhulumu.

Wakitokea wajukuu wawili wa nyumba tofauti, kila mmoja na madai yake, usiamue wewe. Waachie wazee wao.

Binti_wa_Tudor

Fundi, mimi na mama tunakwenda Kaloleni Jumamosi kwenye harusi. Shangazi yangu ameolewa huko na mumewe ni mtu wa mbari kubwa tu. Nitumie lile jina la pili kwa ujumbe wa siri, la kwanza na nambari ubaki nazo. Nitauliza wazee kabla ya ngoma kuanza, maana zikianza hakuna atakayenisikia.

Karani, sandukuni mwa nyanya tumekuta kitabu. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini nambari iko.